Sauti ya Kuwinga Ndege

Mama mwenzangu, kama mwanao yumo kwenye ile klabu ya magemu shuleni, soma haya mpaka mwisho. Usiyaogope magemu. Mimi niliyaogopa mwanzoni, kumbe cha kuogopa kilikuwa kimekaa kiti cha pili, kimevaa soksi nyeupe.

Mimi ni Mama Asma. Nakaanga chapati na mihogo nje ya geti la sekondari moja huku Msalato, pale yanapopita malori ya kokoto ya uwanja mpya wa ndege. Kwetu ni Busi, Kondoa. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika nivumilie, ila jambo lenyewe sikusimuliwa. Nilikuwamo.

Asma alipoingia kidato cha tatu akaniambia, "Mama, nimejiunga na klabu ya gemu."

"Gemu gani? Yale ya vibandani, vijana wanajifungia humo na sare zao mpaka jua linazama?"

"Hapana mama, hii ya shule. Mwalimu Castory ndiye anasimamia."

"Mwalimu mzima anacheza gemu?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Kesho yake nikafunika karai langu, nikaenda kuona kwa macho yangu.

Nikakuta chumba kimejaa kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi ya mjini. Watoto wamezifungua, matumbo nje, wanatoa hiki kwenye iliyokufa wanaweka kwenye inayopumua. Umeme wanautoa kwenye vioo vya jua juu ya bati, unaingia kwenye mabetri makubwa kama ya lori. Mwalimu Castory akaniamkia vizuri, akasema, "Mama Asma, hapa hachezi mtu kabla hajatengeneza. Na hakai kwenye kiti mtu ambaye mti wake umekufa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Kila mwanafunzi wa klabu ana mti wake nyuma ya darasa. Maji hakuna ya kuchezea, wewe unaijua Dodoma mwezi wa saba, kwa hiyo wanachukua chupa ya plastiki, wanaitoboa kitundu kidogo, wanaifukia karibu na mzizi. Wanajaza maji yaliyooshea vyombo, yanadondoka polepole kule chini bila jua kuyanywa. Mti ukistawi, mwenyewe anakaa kwenye kompyuta. Ukikauka, anatoka mpaka aoteshe mwingine ushike. Asma alikuwa na mkwaju. Kila asubuhi alitoka nyumbani na kidumu cha maji ya vyombo vyangu, na mimi nikawa naosha kwa sabuni kidogo kwa ajili ya huo mkwaju.

Basi nikatulia. Gemu lenyewe nalo nikalielewa. Pande mbili, kila upande watoto wanne, kila upande una kisima chake. Mnakwenda kukausha kisima cha wenzenu na huku mnalinda chenu. Ugomvi wa maji tu, kama wa huku kwetu, ila huko hakuna anayevunjika mguu.

Siku moja nageuza chapati, nikasikia sauti yangu inatoka darasani. "Swagaaaa!"

Wateja wakanitazama. Mdomo wangu umefungwa.

Ilikuwa Asma. Unajua, mimi nimekulia juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba. Busi ukipanda mtama lazima kuwe na mtu juu ya dungu wa kuwinga ndege, kuwafukuza kwa kelele, na mtu huyo alikuwa mimi, tangu meno ya utoto. Kelele niliyojifunza kule ndiyo niliyoolewa nayo, ndiyo ninayoitia wateja ng'ambo ya barabara. Asma kaichukua yote kama ilivyo, hata baba yake akiwa uani hatofautishi ni mke anaita au binti. Na kwenye timu yeye ndiye aliyekuwa mwita, yule anayewaambia wenzake la kufanya, kwa sababu hawakuwa na visikilizi vya masikioni vya kutosha. Walizoea kupigiana kelele. Maneno yake alitoa kwangu. "Kwelea!" maana yake maadui wameingia, wote rudini kisimani. "Ukoko!" maana yake ganda hapo ulipo. Na "Swaga!" maana yake acheni kila kitu, wote nje, songeni mbele. Wenzake watatu, Nurdini, Miriam na Joshua, walizoea hata hawafikiri. Sauti ikisikika, vidole vimeshakwenda.

Mwezi wa nane likatangazwa shindano la shule mbalimbali, mjini. Timu itakayoshinda watachukuliwa likizo ya mwisho wa mwaka kwenda chuoni kufundishwa ufundi wa kompyuta na umeme wa jua, kwenye karakana yenyewe, walale hukohuko. Asma aliponieleza hakukaa chini. Alizunguka uani anashika kamba ya nguo, anaiachia. "Mama, huko wana mashine ya kuchomelea vitu vidogo mpaka unaangalia kwa lenzi. Mama, nikienda huko, mimi shule nyingine sitaki." Huyu ni mtoto ambaye hakuwahi kuniomba hata kiatu.

Sasa nikutajie mwenye soksi nyeupe. Anaitwa Ernest. Mama yake ni Yudith, ana duka la saruji na mabati, na kwenye kamati ya wazazi yeye ndiye mwenyekiti. Ernest alikuwa mchezaji wa akiba. Akiba maana yake mmoja wa wale wanne asipokuwepo, anakaa yeye.

Asubuhi moja Asma akarudi getini kabla hata kengele haijapigwa, kidumu bado kimejaa.

"Mama, mkwaju umekauka."

"Umekaukaje? Jana si ulikuwa unameta?"

"Umekauka, mama. Majani yote chini."

Tukaenda wote. Umesimama kama kijiti cha mswaki. Mwalimu Castory yupo, anakuna kichwa. "Asma, pole. Lakini sheria tumeitunga wote na wewe ulinyoosha mkono."

Na Ernest yuko nyuma yake, mikono mfukoni, anasema taratibu kama mtu anayetoa rambirambi, "Pole sana, Mama Asma."

Asma hakulia. Alichimba. Akaitoa ile chupa iliyofukiwa, akainusa, akanitazama. Akaniomba magadi ninayowekea maharage. Akadondosha kidogo ndani ya chupa na kile kilichobaki kikafoka, povu likapanda mpaka mdomoni.

"Ni maji ya betri," akasema. "Mtu kamimina humu. Mwalimu alitufundisha, ukitia magadi yanachemka. Kila tone limeingia mzizini."

Mchana Nurdini akaja kununua mhogo, akainama kama anachagua, akanong'ona, "Mama, nilimwona Ernest na dumu la maji ya betri kule nyuma. Alisema katumwa kulihifadhi. Usiseme ni mimi, Mama Ernest atanikalia kooni."

Nikaenda kwa mwalimu na chupa mkononi. Akasema anaona kweli ni maji ya betri, lakini nani kaweka, nani kaona? Nikasema kuna aliyeona. Akasema nimlete. Nikaondoka na chupa yangu, maana nilikuwa nimemwahidi mtoto wa watu. Ernest akakaa kwenye kiti cha mwanangu.

Jioni ile Mama Ernest akaja getini kununua chapati kama kawaida. Ameegesha gari, amejifunga kitenge kipya.

"Mama Asma, pole na mti. Mwambie binti, mti haumwagiliwi kwa kelele."

"Asante."

"Na yeye apumzike sasa. Haya mambo ya kompyuta si mchezo wa kufukuza ndege."

Nikamfungia chapati zake kwenye gazeti. Nilizifunga taratibu sana.

Alipoondoka nikachukua sufuria la mafuta yaliyobaki, yanachemka bado, nikaingia getini moja kwa moja mpaka kwenye mwarobaini wa Ernest. Nataka nimimine. Asma akanikimbilia, akasimama katikati, mimi na mti.

"Mama! Huu mti umekukosea nini?"

"Toka hapo."

"Sitoki. Mama, tulia. Subiri siku ya mashindano."

"Siku ya mashindano kuna nini?"

"Wewe subiri tu. Utaona."

Nikamtazama machoni, nikaona kuna kitu kinawaka. Nikasema moyoni, alaa, mwanangu ana damu yangu. Nikageuza sufuria. Toka siku ile nikawa nangoja, kila chapati ninayobonyeza nambonyeza Ernest, kila unga ninaokanda namkanda mama yake. Sikumuuliza Asma tena. Nilijua tumeshaelewana.

Na huku darasani nilikuwa nasikia mazoezi yao. Ernest hakutaka yale maneno ya dungu, anayaona ya shambani. Yeye anapiga kelele "Difendi! Difendi jamani!" Wenzake wanachelewa. Nikamsikia Miriam akisema, "Wewe ukisema difendi mimi nakumbuka kwanza, halafu ndiyo narudi." Wakacheka. Mimi nikayaweka hayo moyoni.

Ikafika Jumamosi yenyewe, ya fainali. Ukumbi mkubwa mjini, ukutani kuna pazia jeupe ambalo gemu linaonekana juu yake kama sinema. Mezani upande huu watoto wetu, upande ule timu kutoka Haneti, wamevaa sweta za kijani zenye viwiko vilivyotoboka. Asma alikuwepo, amesimama ukutani nyuma ya timu yetu, ameshika bisibisi na kifungu cha nyaya. Nikajua ndio hapo, kuna atakachofanya. Nikamkonyeza. Akatabasamu kidogo, akaangalia pembeni.

Mama Ernest kakaa mstari wa mbele. Mimi wa pili, nyuma yake kabisa, naona mpaka kipini cha nywele zake.

Mshereheshaji akasema, "Wazazi, shangilieni! Leo hakuna kukaa kimya kama msibani!"

Mchezo wa kwanza tukashinda. Wa pili wakashinda Haneti. Wa tatu ndio wa kuamua. Nikangoja Asma afanye kitu. Hafanyi. Anaangalia nyaya tu, anagusa hiki, anarekebisha kile. Nikasema labda ameogopa, mtoto ni mtoto. Basi mama yupo.

Kwenye pazia maadui wakaanza kushuka kuelekea kisima chetu, wote wanne. Ernest akapiga kelele, "Difendi! Difendi!" Watoto wakaanza kukusanyika, wanajipanga kuzunguka kisima. Mama Ernest akainuka nusu, anapiga makofi. "Ernest baba! Hapohapo!"

Nikasimama. Nikaweka mkono kiunoni kama nilivyokuwa naweka kule juu ya dungu, nikavuta pumzi ya Busi yote.

"Swagaaaaa!"

Wallahi, walikwenda. Nurdini, Miriam, Joshua, wote watatu vidole vikawatangulia, wakaacha kisima wakatoka nje kwa kasi kama ng'ombe wanaoona zizi limefunguliwa.

"Rudini!" Ernest analia. "Difendi! Mnakwenda wapi?"

"Swaga! Swaga! Msigeuke!"

Hawakugeuka. Akabaki peke yake kisimani, mtoto wa soksi nyeupe, na Haneti wanne wakamshukia. Maji ya buluu pale ukutani yakapungua, yakapungua, yakawa mekundu. Kwisha. Ernest akapiga meza kwa ngumi, akaweka kichwa juu yake. Mabega yakawa yanaruka. Mama yake amesimama, mikono hewani, kofi halijapigwa.

Nikwambie, utamu ule ulinishuka kooni kama chai ya tangawizi. Hata leo nikiukumbuka bado una joto.

Lakini watoto hawakugeukia kwangu. Waligeukia ukutani.

"Asma!" Miriam alisema, na machozi yamejaa. "Kwa nini?"

"Umetuuza," akasema Nurdini. "Sisi tulikukosea nini? Si bora ungetuambia hutaki twende?"

 Asma amesimama na nyaya zake, ananitazama mimi.

Nikapiga kelele, "Si yeye! Ni mimi!"

Watu wakacheka. Mama Ernest akanigeukia, "Acha uongo. Unamfunika mwanao. Ukumbi mzima umesikia sauti ya nani."

"Unataka kusikia tena?" Nikaivuta ileile, sentimita chache tu kutoka usoni kwake. Kipini kikamtoka kichwani. Ukumbi ukalipuka, Haneti wenyewe wamelaliana mezani kwa kicheko.

"Na sasa umesikia," nikamwambia, "sikia na hili. Mwanao alimimina maji ya betri kwenye chupa ya mti wa mwanangu ili akae kwenye kile kiti. Basi ndicho hicho kiti. Mwache akae."

"Mwongo! Mwanangu hawezi..."

"Nilimimina kidogo tu!" Ernest akainua uso, makamasi yanamtiririka. "Nilijua utaugua tu, sikujua utakufa!"

 Mama Ernest akakaa chini, hakukaa vizuri, alikaa nusu ya kiti. Mimi nikatazama kila upande ili kila mtu aone nimesimama. Nilikuwa nimelipa kila kitu, na chenji juu.

Mwalimu Castory akaja mpaka mstari wangu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Mama Asma, umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Sawa. Sasa nikwambie. Kila timu inakwenda chuoni na fundi wake. Fundi wetu nilimwandika Asma. Sheria yetu inasema mti ukifa hukai kwenye kiti. Haikusema husimami ukutani." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilimwomba asiseme hata kwako, kwa sababu Mama Ernest akilisikia angelizuia kwenye kamati. Alikuwa anasubiri leo tu, washinde."

Nikamtafuta Asma kwa macho. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anachomoa nyaya moja moja, anazikunja vizuri kama alivyofundishwa, mgongo wake kwangu.

Waamuzi walisema kelele za washangiliaji haziharibu mchezo. Matokeo yakabaki.

Nyumbani aliniuliza neno moja. "Mbona hukuniuliza, mama?"

"Ulisema nisubiri siku ya mashindano. Nikajua unapanga kulipiza."

"Nilisema usubiri. Sikusema uje upige kelele."

"Ningekuuliza ungenikataza."

"Ndiyo," akasema. "Ningekukataza."

Hapo ndipo ninapotaka uweke kidole, mama mwenzangu. Si kwamba usilipize. Mimi siwezi kukuambia usilipize, maana Ernest aliondolewa kwenye klabu na mama yake akampeleka shule ya bweni mbali, na habari hiyo ilipofika getini kwangu nilikaanga chapati nikiimba. Mama Ernest naye amejitoa kwenye kamati. Akipita na gari hafungui kioo. Sijamsamehe na sina haraka. Lakini kisasi kikiwa cha mwanao, kabla hujakishika mkononi, mwite mtoto, mkalishe, muulize anataka nini. Mimi nilidhani natazama macho ya hasira kumbe ni macho ya mtu aliyeandikwa jina.

Wenzake walimrudia, baada ya wiki wakamwomba radhi, Miriam akalia tena. Asma ameotesha mti mwingine. Anatengeneza kompyuta. Lakini kuita haiti, wamepata mwingine, mtoto wa kidato cha pili, sauti kama ya kifaranga.

Likizo ilipofika nilikuwa getini na Asma ananisukumia chapati. Shule imefungwa, wateja ni madereva tu. Kikaja kibasi kutoka kaskazini, njia ya Haneti, kikasimama kwa vumbi lake. Wakashuka watoto, sweta za kijani.

Mmoja wao, kijana mrefu, akanitazama, akatazama karai, akafungua mdomo. "Shikamoo mama! Wewe si ndiye mama wa siku ile?"

"Marahaba."

"Jamani njooni, ni yeye! Mama, wewe ndiye umetupeleka chuoni. Ile siku tulikuwa tumeshakufa sisi, ungenyamaza dakika moja tu tungerudi Haneti tunalia." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, anautikisa kwa shukrani kabisa, ya moyoni. "Mungu akuzidishie."

Nikamwambia amina.

Asma hakuinua uso kwanza. Alikunja chapati zao, akazifunga. Halafu akamuuliza, "Fundi wenu ni nani?"

"Yule pale, Abeli. Basi limemchafua tumbo, katapika njia nzima."

Asma akampelekea Abeli maji kwenye kikombe chetu. Nikawaona wamesimama ubavuni mwa kibasi, Asma anaongea, anaonyesha kwa vidole kitu kidogo sana, kitu cha kuangalia kwa lenzi, na Abeli anatikisa kichwa, hajui. Dereva akapiga honi. Wakapanda. Asma akabaki barabarani na kikombe, vumbi likamfunika mpaka kiunoni, na mimi nikaita jina lake, taratibu, kwa sauti ndogo niliyoweza kuipata. Hakusikia.